Saa Mbili Baada ya Uji: Mizio ya Protini za Chakula Kwenye Utumbo wa Mtoto

Mzio wa chakula unaofahamika zaidi ni ule wa ghafla. Mtoto anaonja karanga, na kabla hajamaliza kutafuna midomo imevimba, ngozi imejaa vipele na pumzi inakwama. Mizio inayochambuliwa hapa haina haraka hiyo wala dalili hizo. Hupiga utumbo, hujitokeza saa kadhaa, siku au hata majuma baada ya mtoto kula, na kipimo cha kawaida cha mzio, kiwe cha ngozi au cha damu, mara nyingi hurudi bila kuonyesha kitu. Huwapata zaidi watoto wa chini ya mwaka mmoja, na vyakula vinavyoichochea ni vile ambavyo mzazi hana sababu ya kuvishuku: maziwa ya ng'ombe, soya, uji wa mchele.

Tofauti inaanzia kwenye kinga ya mwili. Katika mzio wa ghafla mwili huwa umekwisha kutengeneza kingamwili za aina ya IgE, ambazo hukaa tayari juu ya seli fulani zikingoja protini husika. Ikifika, seli hizo hufungua maghala yao ya histamini mara moja. Katika mizio ya utumbo IgE ama haihusiki kabisa au huhusika kwa wachache. Kazi hufanywa na chembe nyeupe za damu zilizomo ndani ya ukuta wa utumbo wenyewe. Zinapoamshwa humwaga kemikali zinazoleta uvimbe, ukuta hulegea, na maji ya mwili huvujia ndani ya utumbo. Kwa sababu hiyo mtoto aliyepatwa sana hazidiwi na kukosa pumzi. Huzidiwa na kuishiwa maji na kushuka kwa shinikizo la damu.

Magonjwa ya kundi hili ni matatu. La kwanza ni uvimbe wa puru na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Mtoto ni mzima, ananyonya, anacheka, uzito unapanda, ila kwenye nepi kuna nyuzi za damu zilizochanganyika na ute. La pili hupiga utumbo mwembamba na kuharibu vinyweleo vinavyofyonza chakula. Mtoto huharisha kwa majuma, tumbo linajaa, uzito unasimama. La tatu, lililo kali kuliko yote, hushika utumbo mwembamba na mpana kwa pamoja na kuleta matapishi mfululizo. Hospitalini hujulikana kwa herufi FPIES, na ndivyo litakavyoitwa hapa.

Lipo jambo linalopaswa kuondolewa njiani mapema, kwa sababu huvuruga mazungumzo mengi kuhusu maziwa. Tumbo kuunguruma na kuharisha baada ya kunywa maziwa kwa mtu mzima kwa kawaida si mzio. Ni upungufu wa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, hali ya kawaida kwa watu wengi duniani baada ya kuacha kunyonya. Utafiti mkubwa wa Kiafrika kuhusu jambo hilo ulichapishwa mwaka 2007 na kundi la Sarah Tishkoff, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Maryland, kando tu ya Washington: katika damu za watu wa Tanzania, Kenya na Sudan yalionekana mabadiliko ya kijeni yanayoziwezesha jamii za wafugaji kuendelea kunywa maziwa ukubwani, na mabadiliko hayo si yale waliyo nayo Wazungu. Lakini hiyo ni habari ya sukari. Mtoto mchanga, awe wa Kimasai au wa Kidenishi, karibu daima huzaliwa na kimeng'enya chake kikiwa kamili. Anayetokwa damu au kutapika kwa sababu ya maziwa ana shida na protini, na maziwa yaliyoondolewa sukari hayatamfaa kitu.

Herndon, mji wa watu wapatao 25,000 katika Kaunti ya Fairfax, jimbo la Virginia, ni mahali pazuri pa kulitazamia suala hili. Kwanza mji wenyewe ulikua kwa maziwa: mwanzoni mwa karne ya 20 Fairfax ilikuwa kaunti ya ng'ombe wa maziwa, na reli iliyopita Herndon ilibeba maziwa ya wafugaji hadi Washington. Shamba la zamani la Frying Pan limehifadhiwa hadi leo ili wakazi waone maisha hayo. Pili, mji umezungukwa na taasisi zilizoandika sehemu ya historia ya mzio wa chakula Marekani. Chama cha kwanza kikubwa cha kitaifa cha familia zenye mzio wa chakula kilianzishwa mwaka 1991 na Anne Muñoz-Furlong, na makao yake yalikuwa Fairfax. Mwaka 2012 kiliungana na kingine na kuwa FARE, chenye ofisi McLean, mwendo mfupi kutoka Herndon. Ng'ambo ya mto Potomac, Bethesda, Taasisi ya Taifa ya Mzio na Magonjwa ya Kuambukiza ilitoa mwaka 2010 mwongozo wa kitaifa wa mzio wa chakula uliozitaja waziwazi aina za utumbo. Tatu, uwanja wa ndege wa Dulles uko mlangoni, na pamoja nao jamii za wahamiaji kutoka Amerika ya Kati, Asia Kusini na Afrika. Wakenya, Watanzania na Wakongo wamo katika eneo zima la Washington. Mtoto mmoja akiwa na bibi wa Morogoro na daktari wa Virginia, anakula kutoka meza mbili, na magonjwa haya yanategemea sana nini kimewekwa mezani.

Kumbukumbu za kitabibu ni za zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1940 Mitchell Rubin alieleza watoto wachanga waliotokwa damu tumboni kwa sababu ya maziwa ya ng'ombe na kupona yalipoondolewa. Mwaka 1967 Joyce Gryboski alikusanya visa vya watoto waliougua tumbo kwa maziwa. Aliyeipa FPIES sura yake ni Geraldine Powell, katika maandiko yake ya miaka ya 1970: aliwapa watoto maziwa au soya chini ya uangalizi, akahesabu saa hadi matapishi, akapima chembe nyeupe za damu kabla na baada, akaona zinavyopanda. Mbinu hiyo ya kulisha, kungoja na kupima ndiyo bado uti wa mgongo wa uchunguzi. Hata hivyo mwongozo wa kwanza wa kimataifa kuhusu FPIES ulitoka mwaka 2017 tu. Miaka 40 ni mingi kwa ugonjwa unaoweza kumlaza mtoto kwenye dripu, na kuchelewa huko kunaeleza kwa nini madaktari wengi waliosoma kabla ya hapo hawakuwahi kufundishwa habari zake.

Namna FPIES inavyoingia nyumbani inafaa kufuatwa saa kwa saa. Mtoto wa miezi sita, aliyekuwa akinyonya maziwa ya mama peke yake, anapewa uji wa mchele saa 2 asubuhi. Ni mara yake ya pili au ya tatu. Mara ya kwanza hakikutokea kitu, au alicheua kidogo. Anamaliza vijiko vyake, anacheza, analala. Saa 4 anaamka na kutapika. Anatapika tena, na tena, mara kumi au zaidi, mpaka kinachotoka ni nyongo ya kijani. Kisha ananyamaza. Ngozi inapauka, na kwa mtoto mweusi weupe huo huonekana kwenye midomo, ulimi, viganja na ndani ya kope kuliko usoni. Mikono inakuwa baridi, shingo inalegea, akiitwa hafungui macho. Hana kipele hata kimoja, hakohoi, hana homa. Joto la mwili huenda limeshuka. Kuhara, kukitokea, huja baadaye, kwa kawaida saa 5 hadi 10 baada ya mlo. Kufika jioni, akiwa amepata maji ya kutosha, anacheka kama si yeye.

Kupona huko kwa haraka ndiko kunakoficha ugonjwa. Familia inarudi nyumbani ikiwa imeambiwa ni virusi vya tumbo, na wiki mbili baadaye uji unapikwa tena. Wengine hufanyiwa uchunguzi wote wa maambukizi ya damu, pamoja na kuchomwa sindano ya mgongo, kwa sababu mtoto aliyelegea, mwenye ngozi ya kijivu na chembe nyeupe nyingi anafanana kabisa na mtoto mwenye maambukizi makali. Wengine hupelekwa kwa daktari wa upasuaji kwa hofu ya utumbo uliojiingiza ndani ya utumbo. Afrika Mashariki mshukiwa wa kwanza angekuwa malaria, na si kosa kuishuku. Kinachotenganisha ni kujirudia: chakula kilekile, muda uleule, bila homa, bila mtu mwingine nyumbani kuugua.

Mwongozo wa 2017 umeliweka hilo katika vigezo. Dalili kuu ni matapishi kati ya saa 1 na 4 baada ya kula chakula kinachoshukiwa, bila dalili za ngozi au kifua za mzio wa ghafla. Pamoja nayo zinahitajika angalau tatu kati ya nyinginezo: tukio la pili kwa chakula hicho, tukio kwa chakula kingine, kulegea kupita kiasi, kupauka, kulazimika kwenda chumba cha dharura, kuhitaji maji ya mshipa, kuhara ndani ya saa 24, shinikizo la damu kushuka, joto la mwili kushuka. Katika orodha yote hiyo hakuna kipimo hata kimoja cha maabara. Silaha kubwa ya mzazi ni maelezo yenye saa: alikula nini, kiasi gani, saa ngapi, alianza kutapika saa ngapi. Daktari aliyepewa hayo kwa usahihi anaweza kuutambua ugonjwa kwa dakika kumi. Asiyepewa anaweza kuukosa kwa mwaka mzima.

Ipo pia FPIES ya kudumu, inayowapata watoto wadogo zaidi wanaopewa kila siku maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe au soya. Hapa hakuna saa ya kuhesabu kwa sababu chakula hakikomi. Mtoto hutapika hapa na pale, huharisha, hupungua, na akizidiwa hupata asidi nyingi ya damu na hata damu kubadilika rangi kwa kushindwa kubeba oksijeni. Maziwa yakiondolewa hupata nafuu kwa siku chache. Yakirudishwa kwa makosa, anatapika kwa mtindo wa saa mbili uliokwisha kuelezwa, na hapo ugonjwa unajitangaza.

Nini kinachochochea hutegemea nchi. Marekani vinaongoza maziwa ya ng'ombe, soya, mchele na oti. Ripoti iliyowazindua wengi ilichapishwa mwaka 2003 na madaktari wa New York na Baltimore: watoto 14 waliougua kwa vyakula vigumu, nafaka zikiwa mbele, wakati vitabu vingi bado vilihusisha ugonjwa huu na maziwa na soya tu. Hispania na Italia samaki ana nafasi kubwa. Japani yai limekuja juu. Australia ni mchele. Na tangu mapendekezo ya kuwapa watoto karanga mapema yalipoenea, baada ya utafiti wa LEAP wa mwaka 2015, visa vya FPIES ya karanga vimeanza kuripotiwa Marekani na Australia. Hilo si hoja ya kuacha karanga. Faida ya kuzuia mzio wa ghafla ni kubwa zaidi. Linaonyesha tu kwamba ugonjwa hufuata kijiko.

Mchele unastahili kuangaliwa kwa karibu. Kwa vizazi viwili uji wa unga wa mchele ulikuwa mlo wa kwanza wa mtoto wa Kimarekani kwa sababu ulihesabiwa kuwa mwepesi na salama kuliko vyote, na mama wengi wa Afrika Mashariki wana imani hiyohiyo. Kumbe kwa FPIES ni miongoni mwa vichochezi vikuu vya vyakula vigumu. Ukiongeza suala la aseniki, ambalo liliifanya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani kutoa mwaka 2020 ukomo wa sehemu 100 kwa bilioni katika uji wa mchele wa watoto, hadhi yake ya kuwa chakula cha kuanzia haina utetezi mzito tena.

Kwa familia zinazopika Kiswahili, jambo zito zaidi ni uji wa lishe. Unga huo, unaouzwa madukani na kusagwa nyumbani kutoka Mombasa hadi Mwanza na kubebwa kwenye masanduku hadi Marekani, huchanganya mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, na pengine dagaa waliosagwa. Kilishe nia ni njema: protini na madini katika kikombe kimoja. Kiuchunguzi ni balaa, kwa kuwa kijiko kimoja kimebeba vichochezi vinne vya FPIES kwa mpigo, na mtoto akitapika hakuna anayeweza kusema ni kipi. Mtoto asiye na historia yoyote ya shida anaweza kuupata bila wasiwasi baada ya kuonja viungo vyake kimoja kimoja. Aliyewahi kupata tukio moja hapaswi kuuona kabisa mpaka kila kiungo kimejaribiwa peke yake.

Mwongozo wa kimataifa unagawa vyakula vya kulikizia kwa uzito wa hatari, na mgawanyo huo unasomeka kwa namna ya pekee jikoni mwa Mswahili. Nafaka ndogo za kundi la uwele na ulezi ziko upande wa hatari ndogo, pamoja na boga, parachichi na tikiti maji. Mahindi, ngano, karoti na viazi mviringo viko katikati. Viazi vitamu, ndizi, mchele, oti, kuku, yai na samaki viko upande wa juu. Kwa hiyo uji mtupu wa ulezi una hoja nzuri kuliko uji wa mchele, na ndizi iliyopondwa, ambayo kila bibi huianzia, inaweza kungoja kidogo kwa mtoto aliyekwisha kuugua. Mgawanyo huo ni wa kukadiria, lakini unampa mzazi pa kuanzia, na kuanza ni muhimu: baadhi ya watoto wa FPIES hudhurika zaidi na woga wa wazazi kuliko na chakula, wakibaki na vyakula vitatu hadi mwaka wa pili na kukosa chuma, zinki na uzoefu wa kutafuna.

Ukubwa wa tatizo si mdogo kama jina lake lisilojulikana linavyoashiria. Nchini Israeli, katika utafiti uliowafuatilia watoto zaidi ya 13,000 tangu kuzaliwa, FPIES ya maziwa ya ng'ombe pekee ilionekana kwa asilimia 0.34. Uchunguzi wa kaya nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria asilimia 0.51 ya watoto. Hiyo ni kama mtoto mmoja kati ya kila 200. Kwa Kenya na Tanzania hakuna sababu ya kibaolojia ya kudhani ugonjwa haupo, ingawa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miezi sita katika nchi hizo hunyonyeshwa maziwa ya mama pekee, na FPIES kupitia maziwa ya mama ni nadra sana. Aina ya maziwa ya kopo basi itakuwa adimu huko; aina ya uji haina kizuizi hicho.

Damu kwenye nepi ni habari nyingine kabisa, na hapa mizani inapinduka. Wakati FPIES, yenye hatari, hukosewa, uvimbe wa puru usio na hatari hutambuliwa kupita kiasi. Katika utafiti wa Massachusetts uliochapishwa mwaka 2020, ukifuatilia watoto 903 wa kliniki za kawaida, asilimia 17 walipewa jina la ugonjwa huu na madaktari wao. Walipohesabiwa kwa vigezo vikali zaidi walibaki asilimia 7. Ufini, mwaka 2006, watoto 40 waliotokwa damu walichunguzwa kwa makini, na mzio wa maziwa ulithibitika kwa asilimia 18 tu. Wengine waliacha kutokwa damu wenyewe. Mtoto mzima anayekua vizuri na mwenye nyuzi mbili za damu anaweza kuangaliwa kwa majuma machache kabla ya mtu yeyote kuzuiwa kula chochote.

Lakini kinachotokea kwa kawaida ni kwamba mama anayenyonyesha anaambiwa aache maziwa papo hapo, kisha soya, kisha mayai, kisha ngano. Kwa mama wa Kikenya kuacha maziwa si kuacha glasi moja ya asubuhi: ni chai ya maziwa mara tatu kwa siku, mtindi, maandazi yaliyokandwa kwa maziwa, biskuti za dukani. Wengine huona afadhali wahamie maziwa ya kopo ya gharama kuliko kuishi hivyo, na hapo tiba imekuwa mbaya kuliko ugonjwa. Utaratibu wenye mantiki ni mfupi: kama damu inaendelea, mama aache maziwa ya ng'ombe peke yake kwa majuma mawili hadi manne, kwa mzio wa kweli damu hupungua ndani ya siku chache, kisha ayarudishe makusudi aone kama inarudi. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa, na bila hiyo hakuna aliyethibitisha kitu. Ugonjwa wenyewe karibu wote huisha mtoto akifika mwaka mmoja.

Mzazi aliyelelewa Afrika Mashariki huja na usomaji tofauti wa damu hiyohiyo, na una msingi wake. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika katika zahanati za kanda hiyo, mtoto anayeharisha damu anahesabiwa kuwa na kuhara damu na hupewa antibayotiki. Mahali penye bakteria wa shigela utaratibu huo huokoa maisha. Tofauti iko kwenye hali ya mtoto: mwenye kuhara damu ana homa, anaharisha mara nyingi, amechoka, mwenye mzio wa puru anacheza na ana choo cha kawaida chenye mstari wa damu. Dawa ya bakteria kwa huyu wa pili haisaidii.

Aina ya utumbo mwembamba inaweza kupitiwa haraka, kwa kuwa imepungua sana katika nchi zilizowahi kuielezea. Ufini iliripoti visa vingi miaka ya 1960 na 1970, wakati watoto walipopewa maziwa ya ng'ombe mapema. Mitindo ya kulisha ilipobadilika, visa vikapungua. Hutambuliwa kwa kuchukua kipande kidogo cha utumbo, na ni lazima itenganishwe na ugonjwa wa siliaki unaosababishwa na ngano, ambao ni wa maisha. Penye umaskini, maambukizi ya mara kwa mara huweza kuharibu utumbo kwa sura inayofanana, na huko kutenganisha ni kugumu zaidi.

Tiba ya tukio la FPIES ni maji. Mtoto aliyezidiwa hupewa maji ya chumvi ya mshipa kwa kasi, mililita 20 kwa kila kilo, na kurudiwa ikibidi. Takriban asilimia 15 ya matukio hufika kwenye kushuka kwa shinikizo. Dawa ya kuzuia kutapika, ondansetroni, hutumika kwa waliozidi miezi sita na imesaidia wengi kuepuka kulazwa. Sindano ya adrenalini, nguzo ya tiba ya mzio wa ghafla, hapa haina kazi hiyo. Kwa hiyo mzazi anayefika chumba cha dharura na kusema "ana mzio wa mchele" huenda akapewa tiba ya ugonjwa mwingine. Barua fupi ya daktari, yenye jina la ugonjwa, chakula na hatua za kuchukua, inabebwa kwenye mkoba wa mtoto popote aendapo. Mfumo wa Marekani wa namba za magonjwa umeipa FPIES namba yake, K52.21, na namba hiyo kwenye barua husaidia pia kwa bima.

Kwa mtoto asiyenyonya, swali linalofuata ni la maziwa ya kopo. Maziwa ya mbuzi hayafai, kwa sababu protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Soya ni kamari, kwa kuwa sehemu kubwa ya watoto wa Marekani wenye FPIES ya maziwa huikataa pia. Kinachotumika ni maziwa ambayo protini zake zimekatwakatwa vipande vidogo sana, na kwa wachache wasioyavumilia hata hayo, yaliyotengenezwa kwa asidi amino tupu. Ni ghali, ladha yake ni chungu, na hupatikana kutoka kwa kampuni chache.

Hatari ya kutegemea kampuni chache ilionekana wazi mwaka 2022, na Herndon iliishuhudia kwenye mlango wake. Februari mwaka huo kampuni ya Abbott iliyaondoa sokoni maziwa yaliyotoka kiwanda chake cha Sturgis, Michigan, na kukifunga, baada ya watoto kuugua kwa bakteria. Miongoni mwa yaliyoondolewa yalikuwamo Alimentum na EleCare, maziwa ya watoto wenye mzio. Familia za kawaida ziliweza kubadili chapa. Hizi hazikuweza. Mwezi Mei serikali ilianza kuleta maziwa kwa ndege kutoka Ulaya. Ndege ya kwanza, ya jeshi, ilitua Indianapolis tarehe 22, na ya pili, ya FedEx kutoka Ramstein, Ujerumani, ilitua Dulles tarehe 25, ikiwa na shehena ya maziwa ya Gerber ya watoto wenye mzio wa protini ya maziwa. Jill Biden alikuwa uwanjani kuipokea. Sturgis ilifunguliwa tena tarehe 4 Juni, ikaanza na EleCare, na siku chache baadaye ikafungwa na mafuriko. Kwa familia zinazotegemea mpango wa WIC wa kusaidia kina mama na watoto wenye kipato kidogo kuna ugumu mwingine: kila jimbo hufunga mkataba na kampuni moja kwa maziwa ya kawaida, na maziwa maalumu hutolewa kwa hati ya daktari inayotaja ugonjwa. Utambuzi unaochelewa, basi, unachelewesha na chakula.

Sheria ya lebo nayo husaidia nusu. Sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika 2006, inalazimisha kutaja waziwazi maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, karanga, njugu za miti, ngano na soya; ufuta uliongezwa kuanzia Januari 2023. Mchele na oti havimo. Unga wa mchele huingia kwenye biskuti za kung'atia, mboga za kopo na vitafunwa vya watoto bila onyo lolote la herufi nzito, na mzazi wa mtoto mwenye FPIES ya mchele hana budi kusoma orodha nzima ya viungo kila anaponunua.

Habari ya kutia moyo ni kwamba ugonjwa huu kwa kawaida huondoka. FPIES ya maziwa na soya huisha mapema, kwa wengi kabla ya miaka mitatu. Ya nafaka huchukua muda zaidi, na ya samaki ndiyo sugu. Hakuna kipimo cha damu kinachosema umekwisha. Kinachofanyika ni kumlisha tena mtoto hospitalini, kwa kawaida baada ya mwaka au zaidi bila tukio: chakula kiasi cha gramu 0.3 za protini kwa kila kilo ya uzito, kisichozidi gramu 3 kwa jumla, kinagawanywa mara tatu ndani ya nusu saa, kisha familia inakaa saa 4 hadi 6 ikingoja, sindano ya mshipa ikiwa tayari. Kujaribu nyumbani, kwa mtoto aliyewahi kuzidiwa, ni kumuweka mbali na dripu saa anayoihitaji.

Kabla ya jaribio hilo hurudiwa kipimo cha ngozi, kwani baadhi ya watoto, hasa wa maziwa, hutengeneza IgE kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hao FPIES hukawia kuisha, na wengine huhamia kwenye mzio wa ghafla wenye vipele na kukosa pumzi, ambao jaribio lake lina utaratibu mwingine na adrenalini karibu. Wapo pia wanaoanza wakiwa watu wazima, na kwao chakula kinachoongoza ni samaki na jamii ya kamba na kaa. Mtu aliyekula kamba kwa miaka mingi bila shida anaanza kutapika saa mbili baada ya kila mlo wa kamba, anahara, anapauka, kisha anaamka mzima kesho yake. Wengi wao huendelea kulaumu samaki aliyechacha kwa miaka kabla ya mtu kuwauliza kuhusu saa.